Kwenu ni Wapi, Mtoto wa Kihoto?

Wajukuu wangu, kuna swali ambalo mtoto aliyezaliwa Kihoto huulizwa kuliko swali jingine lolote. Mwalimu mgeni atamuuliza. Mama muuza sukuma wiki atamuuliza akisikia jina lake la pili. Shangazi aliyekutana naye matangani atamuuliza, tena huku amemshika kidevu akitafuta anafanana na nani. "Kwenu ni wapi?" Mtoto akijibu kwamba kwao ni Kihoto, Naivasha, mwulizaji hutikisa kichwa. "Hapana. Nauliza kwenu kabisa."

Mkifika miaka 18 mtakwenda kuomba kitambulisho, na fomu nayo itawauliza mambo yayo hayo: wazazi wako ni nani, kabila lako ni lipi, nyumbani kwenu ni kata gani na kata ndogo gani. Ndiyo maana nataka tulizungumze swali hili mapema, na tulizungumze kwa kisa cha kweli, kwa sababu liliwahi kufikishwa mahakamani nchi nzima ikisikiliza.

Kwanza tuitazame Kihoto yenyewe. Mtaa huu uko kando ya Ziwa Naivasha, si mbali na mjini, na watu wake wengi waliletwa na maua. Mashamba ya waridi yalipopanuka kuzunguka ziwa tangu miaka ya 1980, vibarua walikuja kutoka Siaya, Kisii, Kakamega, Murang'a, Nyandarua, Machakos, hata Turkana. Walipanga chumba kimoja kimoja kwenye ploti, wakatumaini kukaa mwaka au miwili, na wengine mpaka leo hawajaondoka. Mnajua wenyewe jinsi mambo yanavyokuwa wiki chache kabla ya tarehe 14 Februari, Wazungu wanapotaka waridi kwa wingi: mama anatoka gizani na gumbuti zake, anashinda grinihausi au pakihausi, na jioni dada mkubwa ndiye anayepika. Waridi aliyokata asubuhi inaingizwa kwenye chumba cha baridi, inapakiwa lorini hadi uwanja wa ndege Nairobi, na baada ya muda mfupi iko Uholanzi mnadani. Na mtoto aliyebaki kwenye ploti anacheza kwenye mfereji mmoja na watoto wa makabila matano, wote wakigombana kwa Kiswahili.

Halafu Desemba inafika. Mabasi yanajaa, nauli inapanda, na mtoto yule anapelekwa ushago, kule kijijini. Hapo ndipo matarajio yanapomngoja mlangoni. Mchukueni mvulana ambaye baba yake ni Mjaluo na mama yake ni Mkikuyu. Wako wengi hapa kwetu. Wajomba zake wa Murang'a wanataka kujua ataingia jandoni lini, maana vijana wa rika lake wanaingia likizo hiyo hiyo. Nyanya yake wa Siaya anataka kumsikia akizungumza Dholuo, na babu anamwonyesha mahali ndani ya boma ambapo atajenga simba, kile kibanda cha kijana wa kiume. Mchukueni dada yake. Kwa desturi ya Wakikuyu, mabinti wa mwanzo hupewa majina ya nyanya zao. Kwa Wajaluo, jina linaweza kutokana na saa aliyozaliwa, Akinyi kama ni asubuhi, Atieno kama ni usiku, au likatokana na jamaa aliyefariki aliyetokea ndotoni. Binti huyo basi ana majina mawili, na kila upande unamwita kwa lile la kwao kana kwamba jingine halipo.

Na mtoto hufanya nini? Nimewatazama watoto wa Kihoto kwa miaka mingi, nami nalijua jibu, kwa kuwa ndilo jibu la watu wazima pia. Anawaambia wajomba wanalotaka kusikia, anamwambia babu analotaka kusikia, na akirudi ploti anawaambia marafiki zake neno la tatu. Si uongo hasa. Ni adabu, ni mapenzi, na mara nyingine ni woga. Lakini sikilizeni kisa cha mtu mzima, msomi mkubwa, aliyeishi hivyo mpaka akafa.

Jina lake ni Silvano Melea Otieno, na watu walimwita S.M. Alizaliwa Nyalgunga, Siaya, akasomea sheria India, akarudi kuwa mmoja wa mawakili waliojulikana sana Nairobi. Alipenda vitabu, hasa tamthilia za Shakespeare. Mwaka 1963, mwaka ule ule ambao Kenya ilipata uhuru, alifunga ndoa na Wambui Waiyaki, Mkikuyu wa ukoo wa Waiyaki wa Hinga, yule kiongozi aliyewapinga Waingereza mwishoni mwa karne ya 19. Wambui hakuwa mtu wa kukaa kimya. Aliwasaidia Mau Mau akiwa msichana, na serikali ya kikoloni ilimweka kizuizini Lamu. Siku hizo Mjaluo kumwoa Mkikuyu lilikuwa jambo zito kwa pande zote mbili, nao walioana hivyo hivyo, wakajenga maisha Lang'ata, wakalea watoto wao Nairobi, na wakawa na shamba Upper Matasia, karibu na Ngong.

Tarehe 20 Desemba 1986, S.M. akafariki ghafla. Wambui akasema mume wangu atazikwa Matasia, ndivyo alivyotaka. Ndugu yake S.M., Joash Ochieng Ougo, pamoja na ukoo wa Umira Kager wakasema hapana, Mjaluo huzikwa kwao, naye kwao ni Nyalgunga. Redioni yakasikika matangazo yasiyopatana kuhusu mahali pa maziko. Kesi ikaenda mahakamani, na mwili wa marehemu ukabaki mochari zaidi ya miezi mitano.

Hapa nataka muelewe vizuri kwa nini ukoo uling'ang'ania, maana watu wengi wakisimulia kisa hiki huwafanya wazee wale waonekane wakatili. Hawakuwa wakatili. Kwa Mjaluo wa zamani, mtu anaweza kuwa na nyumba kubwa ya mawe mjini, yenye maji na umeme, na bado hana boma. Boma huanzishwa kwa utaratibu wake. Baba mzazi, au ndugu yake kama baba hayupo, humsindikiza mwanawe alfajiri mpaka mahali papya. Mtoto wa kwanza wa kiume anabeba jogoo, shoka nalo liko, mke anabeba moto, na kabla ya jua kushuka lazima kibanda kiwe kimesimama. Bila baba kukanyaga pale na kupabariki, mahali hapo pamebaki pa kulala tu. Kwa hiyo ukoo uliposema S.M. hakuwa na kwao Nairobi, haukuwa ukimtukana Wambui. Ulikuwa ukisema kwamba maiti yake ingetupwa ugenini, na kwamba mzimu wake ungewasumbua walio hai. Walilisema hilo kwa uchungu wa kweli.

Na Wambui naye alikuwa na uchungu wake. Alikuwa ameishi na mtu huyu miaka 23. Alijua anachokula, anachosoma, anachokichukia. Alimwona akiwalea watoto wao kama Wakenya wa Nairobi. Sasa watu ambao wengine hakuwahi hata kuwapikia chai walikuja kumwambia kwamba hana neno juu ya mumewe.

Mashahidi wakaitwa. Mchimba kaburi wa kule kijijini akaapa kwamba S.M. mwenyewe, alipokwenda kwenye maziko nyumbani, alimwambia kwamba siku yake ikifika amchimbie kando ya kaburi la baba yake. Marafiki zake wa Nairobi wakaapa kwamba aliwaambia mara kadhaa anataka kuzikwa huko, Matasia au Nairobi. Wakili yule, aliyeandikia watu hati za kisheria maisha yake yote, hakuacha wosia.

Watu walibishana miaka na miaka nani kati ya mashahidi hao alidanganya. Mimi nadhani hakuna aliyedanganya. Nadhani S.M. alikuwa kama mvulana wetu wa Kihoto mwezi wa Desemba. Alipokuwa Nyalgunga, mbele ya kaburi la baba yake, alisema la Nyalgunga, na wakati huo alilimaanisha. Alipokuwa Nairobi na rafiki zake, alisema la Nairobi, nalo akalimaanisha. Hakuwahi kuwakalisha ndugu yake na mke wake kwenye meza moja akasema: mimi ni mtu wa pande zote mbili, na hivi ndivyo ninavyotaka. Labda aliona wakati bado upo. Alikuwa na miaka 55 tu.

Februari 1987 Jaji Bosire wa Mahakama Kuu akaupa ukoo haki ya kumzika, na tarehe 15 Mei Mahakama ya Rufani ikasema vivyo hivyo. Majaji walisema kwamba mtu aliyezaliwa Mjaluo hawezi kujivua Ujaluo wake kwa kuishi mjini, kwa kusoma wala kwa kuoa kwa sheria ya serikali. Tarehe 23 Mei 1987 S.M. Otieno akazikwa Nyalgunga, umati mkubwa ukihudhuria. Wambui hakwenda.

Nawaambia waziwazi, mimi sikubaliani na hukumu ile. Sisemi kwamba Nyalgunga palikuwa mahali pabaya pa kulala. Huenda pangempendeza kabisa. Ninachopinga ni lile wazo kwamba damu ya baba inatosha kusema wewe ni nani, na kwamba miaka 23 ya ndoa na kila alichokichagua mtu mwenyewe havina uzito. Kwa kipimo hicho, nusu ya watoto wa Kihoto wangekatwa katikati na upande wa mama ukatupwa.

Lakini pia sikubaliani na wale wanaosema, basi mila zote zitupwe. Kesi ile yenyewe ilionyesha kwamba mila si jiwe. Mahakamani wazee na wataalamu walieleza desturi, akiwemo mwanafalsafa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, nao waliulizwa maswali magumu: je, ikiwa hivi inakuwaje, ikiwa vile inakuwaje? Na mtu yeyote aliyekaa na wazee anajua kwamba "siku zote tumefanya hivi" mara nyingi ni maneno ya juzi. Wajaluo wa zamani waling'oa meno sita ya chini ya mbele kwa kila kijana, na bila hilo hukuhesabiwa mtu mzima. Leo alama hiyo mtaiona kwa wazee wachache sana, na hakuna anayesema Ujaluo umekufa. Wakikuyu wa zamani hawakumzika kila mtu. Wengi waliachwa porini, na kaburi lilikuwa heshima ya wachache. Leo mazishi ya Mkikuyu yana mahema, kwaya na vitabu vya picha. Ni nani aliyebadilisha? Ni watu kama ninyi, waliofika mbele ya wazee wao wakasema jambo, wakakemewa, wakasema tena.

Hata tohara, jambo lililowagombanisha majirani miaka mingi. Utafiti uliofanywa Kisumu ulionyesha kwamba tohara inampunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi kwa karibu asilimia 60, na mwaka 2008 serikali ikaanza mpango wa tohara ya hiari Nyanza. Vijana wengi wa Kijaluo wakaenda kliniki. Walirudi nyumbani wakiwa Wajaluo vilevile.

Nimeutaja mwaka 2008, na siwezi kuupita hivi hivi kwa sababu mimi nawapenda na ninyi mnaishi hapa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilienea nchini, na tarehe 27 na 28 Januari 2008 zikafika Naivasha. Magenge ya vijana waliosema wanalipiza kisasi kwa yaliyowapata Wakikuyu kwingineko Bonde la Ufa yaliwaandama Wajaluo, Waluhya na Wakalenjin. Watu waliuawa, wengine wakichomewa ndani ya nyumba. Wanaume wa Kijaluo walifanyiwa unyama kwa sababu tu desturi ya kwao haina jando. Familia zililala kituo cha polisi na kwenye uwanja wa gereza, kisha nyingi zikapanda malori kurudi "kwao kabisa", sehemu ambazo watoto wao hawakuwahi kuziona. Siku zile swali la "kwenu ni wapi" liliulizwa kwa panga mkononi. Msikubali kamwe mtu awaulize hivyo, wala ninyi msimwulize mwingine.

Tena anayesema Naivasha ni yake peke yake asome historia kidogo. Kabla ya sisi sote, Wamaasai walilisha ng'ombe kuzunguka ziwa hili. Mwaka 1904 Waingereza waliwekeana nao mkataba uliowahamishia Laikipia ili walowezi wapate mashamba, na kuanzia 1911 wakahamishwa tena kutoka Laikipia kwenda kusini. Sisi wengine wote tulikuja baadaye.

Tangu 2010 tuna Katiba mpya, na humo mna vifungu viwili ambavyo kila mmoja wenu angevisoma mwenyewe. Kifungu cha 11 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Kifungu cha 44 kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha anayoichagua na kushiriki utamaduni anaouchagua, halafu kinaongeza kwamba hakuna mtu anayeruhusiwa kumlazimisha mwingine kutenda, kufuata au kupitia desturi au ibada yoyote ya kitamaduni. Yote mawili yamewekwa katika sheria moja: una haki ya mila yako, na una haki ya kutolazimishwa. Kwa wasichana kuna sheria nyingine ya mwaka 2011 inayopiga marufuku ukeketaji kabisa, na hilo halina mjadala, hata nyanya akilia.

Lakini Katiba haiwezi kuketi na babu yako Desemba. Hilo ni lako.

Mwishoni mwa 2025 ziwa lilipanda tena, kama lilivyopanda 2020, na maji yakaingia Kihoto. Mliona wenyewe. Maelfu ya watu walihama, wengine wakitolewa kwa boti na magodoro kichwani, viboko wakitembea mahali tulipokuwa tukianika nguo. Na nikasikia watu waliokuwa salama wakisema, "Si warudi kwao?" Wako waliokuwa na pa kurudi, na nashukuru Mungu kwa ajili yao, ushago uliwapokea, shamba likawalisha, na wajomba hawakuuliza maswali. Hilo ndilo jema la ukoo, na asiye na ukoo siku ya mafuriko anaujua ukosefu wake. Ila wako pia waliosimama majini wakisema, hapa ndipo kwetu, hatuna pengine. Wote wawili walisema kweli, na ningependa fomu ya kitambulisho iwe na nafasi ya kuwaandika wote wawili.

Basi likizo ijayo mkipanda basi, nendeni na maswali. Mwulize babu yako wa Siaya boma lake lilianzishwaje, nani alibeba jogoo, nani alibeba moto, na kama baba yake alikubali mara moja au walibishana. Wengi watawaambia walibishana. Mwulize nyanya wa Murang'a kwa nini jina lako ni lako, na lile ambalo mama yako alilikataa lilikuwa lipi. Wazee wanapenda kuulizwa, na wakianza kusimulia utagundua kwamba wao pia waliwahi kukataa jambo.

Kisha wewe nawe sema lako, lile lile utakalolisema ploti. Kama hutaki simba, sema hutaki simba. Kama unataka kusomea uuguzi na wao wanangoja uolewe, sema uuguzi. Kama Dholuo chako ni kibovu lakini unataka kujifunza, kiongee hicho kibovu mbele yao wacheke. Babu akinuna, msalimie asubuhi kama kawaida, mkamulie ng'ombe wake, umpelekee chai, halafu muendelee pale mlipoachia.